Kweli au Si Kweli: Ua Unaonukia Kandokando ya Ziwa

Mvua za Machi zikikaribia, vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara zinazotoka Kisumu hujaa watu wanaotafuta maua ya fensi. Ukuta wa mawe ni ghali, mabati yana joto na hayapendezi, na seng'enge peke yake haizuii macho ya wapita njia. Kinachotakiwa ni ua wa mimea utakaofunga ploti na, jua likizama, utoe harufu nzuri watu wakiwa wameketi barazani. Ni haja njema na mahali penyewe panairuhusu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, joto lipo mwaka mzima, mvua huja kwa misimu miwili, na vichaka vingi vya maua hunawiri bila kubembelezwa.

Lakini miche haifiki nyumbani peke yake. Huandamana na maneno ya mwenye kitalu, ya jirani, ya shangazi aliyewahi kuwa na bustani, na maneno hayo ndiyo huamua nini kipandwe, wapi, na kwa nafasi gani. Baadhi ni ya kweli. Mengine yana nusu ya ukweli, na kuna moja lililowahi kugharimu maisha ya watu wa ukanda huu. Karibu kila mteja huuliza mmea unanukia vipi. Ni wachache wanaouliza chini yake patakuwaje baada ya miaka mitano, na swali hilo ndilo lenye uzito zaidi.

"Maua yanayonukia huvuta nyoka"

Si kweli. Kwa ajili ya neno hili watu wameng'oa asumini zilizokuwa na afya, na kile kichaka ambacho wengi hukiita malkia wa usiku hakipandwi kabisa katika maboma mengine. Nyoka hana haja na manukato. Ulimi wake unaochomoza na kurudi huokota chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo kilichoko juu ya kaakaa, na anachokitafuta ni panya, chura, mjusi au kinda la ndege. Ua wenye panya utatembelewa na nyoka hata kama hauna ua moja linalonukia.

Kwa hiyo angalia chini. Majani makavu yaliyorundikana, mawe yaliyobaki baada ya ujenzi, mabati ya zamani yaliyoegemezwa kwenye matawi, punje za mahindi zinazomwagika kuku wakilishwa: hapo ndipo panya huzaliana, na hapo ndipo swila na moma huja kuwinda. Fagia chini ya ua mara kwa mara, ondoa mawe, na usiache matawi makavu yalale juu ya udongo.

"Lantana inatosha: inanukia, ng'ombe hawaili, na inafukuza mbu"

Neno hili linastahili kuchambuliwa kipande kwa kipande, maana kila kipande kina ukweli wake na jumla yake ni hatari.

Tuanze na mbu. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa Mbita, kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mimea hai iliyopandwa vyunguni iliwekwa kwenye vibanda vya majaribio vyenye watu ndani, kisha wakaachiliwa mbu wa malaria wa aina ya Anopheles gambiae. Lantana ilipunguza mbu kwa karibu thuluthi moja. Mmoja wa jamii ya kivumbasi, Ocimum americanum, ulikaribia asilimia 40. Wazee wa Rusinga na Mbita waliokuwa wakitumia mimea hii tangu zamani hawakuwa wakijidanganya.

Hata hivyo thuluthi moja maana yake ni kwamba kati ya mbu tisa, sita bado wanakuja. Tena hicho ni chungu kilichokaa karibu na mtu. Ua ulioko mwisho wa ploti, upepo ukivuma kuelekea kwa jirani, hauwezi kufanya kazi hiyo. Na watafiti wa Mbita hawakuishia hapo: miaka michache baadaye walionyesha kwamba mbu haohao hunyonya sukari kutoka kwa mimea inayokua karibu na nyumba, ikiwemo mbarika na Tecoma stans, ule wenye maua ya manjano unaopendwa sana kwenye fensi za mjini. Mmea unaweza kumsumbua mbu kwa harufu na mmea mwingine ukamlisha. Kinachomkinga mtu anayelala Nyalenda au Dunga, hapa Kisumu, ni chandarua kilichotiwa dawa. Ua usipewe kazi hiyo.

Pili, ng'ombe. Ni kweli kwamba ng'ombe waliozoea eneo huipita lantana bila kuigusa. Huipita kwa sababu ina sumu. Ng'ombe mgeni, au yule aliyebanwa na njaa ya kiangazi, huila. Ini lake huharibika, na akikaa juani ngozi yake huchubuka, hasa sehemu zenye manyoya meupe. Mtu mwenye zizi hana sababu ya kulizungushia sumu.

Halafu kuna kisa cha Alego, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Mwaka 1964 malale yalizuka Alego, wakati huo sehemu ya Nyanza ya Kati na leo sehemu ya Kaunti ya Siaya. Mbung'o anayehusika katika ukanda huu, Glossina fuscipes, kwa desturi ni mdudu wa kando ya maji. Huishi kwenye vichaka vya mitoni na vya ufuoni, na mtu aliumwa akienda kuteka maji, kuvua au kunywesha mifugo. Huko Alego mbung'o alipatikana mahali pengine kabisa: kwenye nyua za lantana zilizozunguka maboma. Ua uliopandwa kuilinda nyumba ulikuwa umemletea mbung'o kivuli na unyevu wa mtoni hadi karibu na mlango wa watu. Ng'ombe walikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na ng'ombe huweza kubeba kimelea cha malale pasipo kuonyesha ugonjwa.

Inafaa kujua kwa nini ilitokea hivyo, kwa kuwa sababu yenyewe haijaisha. Mbung'o jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja tu kwa wakati, kila baada ya siku tisa au kumi, na humwangusha kwenye udongo laini wenye kivuli. Buu hujifukia na kukaa ardhini kama mwezi mmoja kabla ya kutoka akiwa na mbawa. Udongo uliokaushwa na jua haumfai. Sasa itazame lantana iliyoachwa bila kukatwa: matawi hurefuka, huinama, hugusa chini na kupandana, na ndani yake pakawa na handaki lenye giza, lenye majani yaliyooza na udongo usioonja jua. Mbung'o hakufuata harufu ya maua. Alifuata handaki.

Ng'ambo ya mpaka, Busoga nchini Uganda, mlipuko uliokuwa mkubwa kuliko huo ulianza mwaka 1976 na kuendelea katika miaka ya 1980. Mashamba ya kahawa na pamba yalikuwa yametelekezwa wakati wa utawala wa Idi Amin, lantana ikayavamia, na mbung'o wakafuata. Huko haikuwa fensi, lakini kivuli chake kilikuwa kilekile.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyamaliza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa humu nchini aligunduliwa mwaka 2009. Ni ushindi mkubwa, uliotokana na kazi ya miaka mingi ya wahudumu wa afya na mifugo. Mbung'o mwenyewe hajatoweka, na bado huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana.

Basi hukumu: lantana haitoshi, na kwa ua wa boma haifai kabisa. Ndege hula matunda yake meusi na kuangusha mbegu chini ya kila mti wanaotua, kwa hiyo ua wa mtu mmoja huwa mzigo wa kijiji kizima. Ukiikata juu juu huchipuka upya; sharti ing'olewe na mizizi yake udongo ukiwa umeloa. Anayependa harufu ya majani yake anaweza kupanda kivumbasi karibu na baraza, kichaka kifupi kisichofika kimo cha mtu, ambacho hakijifanyi ua wala msitu.

"Panda futi moja moja ili ua ufunge haraka"

Ni kweli kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Kuanzia wa tatu si kweli tena, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa na harufu pamoja.

Chukua ploti ya kawaida ya hamsini kwa mia. Mzunguko wake ni futi 300. Toa futi 12 za geti, zinabaki 288. Kwa nafasi ya futi moja unahitaji miche 288. Kwa futi mbili, 144. Kwa futi tatu, 96. Unaona kwa nini mwenye kitalu husema kwa upole, "Mama, futi moja moja ndiyo nzuri." Si lazima awe na nia mbaya, mteja naye anataka ua uliojaa kabla ya sherehe ya Desemba. Lakini mimea iliyobanana hushindana kwa mwanga. Kila mmoja hukimbilia juu, matawi ya chini hukosa jua na kufa, na baada ya miaka michache unabaki na safu ya fito kavu chini na kofia ya majani juu. Maua huchanua kwenye kofia hiyo peke yake, juu ya pua za watu. Mbuzi hupita chini kwa raha. Na lile handaki la Alego linaanza kujengeka, safari hii kwa mimea ghali.

Kanuni inayofaa ni hii: jua kwanza mmea huo utaruhusiwa kufikia upana gani, kisha weka nafasi ya nusu ya upana huo, au thuluthi mbili zake ikiwa una subira. Mhina, ule unaotoa hina, una maua madogo yenye harufu nzito na huvumilia jua kali. Hukubali kupandwa karibu, futi moja na nusu hivi. Murraya, kile kichaka cha majani ya kung'aa na maua meupe yanayonukia kama ya mchungwa, kipe futi mbili. Kayaba, ule mmea wa miiba, na ochuoga, ambao nitaueleza mbele, wape mbili hadi tatu. Asumini haiwezi kusimama yenyewe ikawa ukuta, kwa hiyo iwekwe futi tatu hadi nne na iegemezwe kwenye waya. Rozmari, kwa ukingo mfupi wa njia, futi moja na nusu.

Anayefuga mbuzi na kuhitaji kizuizi kamili asibane mstari mmoja. Apande mistari miwili iliyo futi mbili kutoka mmoja hadi mwingine, mche wa mstari wa pili ukitazama pengo la mstari wa kwanza, kila mstari ukiwa na nafasi ya futi tatu. Miche itakuwa 192 hivi kwa ploti ileile, pungufu ya ile 288, na ua utakuwa imara zaidi kwa sababu kila mche una mahali pa kupata jua.

Kinachofunga ua chini ni kisu cha mapema kuliko wingi wa miche. Mche ukifika goti, kata kilele chake. Moyo unauma kukata kitu ulichokinunua majuzi, najua, lakini mche usiokatwa hupanda kama fimbo, na uliokatwa hutoa matawi pembeni hapo chini unapoyahitaji. Rudia ukifika kiunoni. Kisha uweke umbo lake liwe pana chini na jembamba juu, ili jua liguse kila tawi. Upana wa futi tatu unatosha kwa ua wa nyumbani, na ukizidi hapo mikono haifiki katikati na hakuna atakayeweza kufagia ndani.

Na mpaka? Usipande juu ya mstari wa bikoni. Ingia ndani futi mbili, kwa maana nusu ya ua itakua upande wa jirani au wa barabara, na huko si kwako. Kama tayari una ukuta wa mawe, acha futi tatu kati ya ukuta na mashina, mtu aweze kupita na panga na ufagio.

"Karibu na ziwa huhitaji kufikiria maji wala udongo"

Si kweli, na Kisumu yenyewe ina udongo wa namna tofauti katika umbali mdogo. Huku juu Riat ni mawe na udongo unaopitisha maji haraka. Ukishuka kuelekea uwanda wa Kano unakutana na udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, nyufa zikikata mizizi michanga. Ufuoni kabisa, maji yako karibu na uso wa ardhi. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na ikizama wiki kadhaa huoza.

Mei 2020 kipimo cha Ziwa Victoria huko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kikaipita kidogo rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Maji yaliingia Dunga na sehemu nyingine nyingi za ufuo. Aliye na ploti huko apange ua akijua ziwa huweza kurudi. Ufuo wenyewe uachiwe mafunjo na mimea yake ya asili, na ua uanze juu zaidi.

Kwenye udongo mweusi, inua tuta la futi moja na upande juu yake. Rozmari usiipeleke Kano bila tuta. Mmea huo ulizaliwa kwenye vilima vikavu vya Bahari ya Mediterania na miguu iliyolowa huuua. Mhina nao unataka tuta. Murraya huvumilia zaidi, mradi maji yasisimame.

"Chenye harufu nzuri hakiwezi kudhuru"

Si kweli hata kidogo. Vichaka kadhaa vinavyouzwa kwa ajili ya fensi vina sumu kali. Thevetia, wenye majani membamba, maziwa meupe na maua ya manjano yenye harufu tamu, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Hata hivyo utaukuta umezunguka shule. Oleanda ni ndugu yake katika sumu hiyo. Brugmansia, yenye maua makubwa yanayoning'inia na kunukia usiku, huvuruga akili na moyo. Matunda ya duranta, madogo na ya rangi ya dhahabu, huvutia macho ya watoto, nayo yana sumu kwao na kwa mbwa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayetia kila kitu mdomoni isipande yoyote kati ya hivi.

Ojuok, yaani mnyaa, haunukii, lakini umekuwa mpaka wa maboma ya Waluo tangu zamani na watu wanajua maziwa yake yakiingia jichoni huwaka kama moto. Kuujua kwao ni ulinzi. Hatari ya Thevetia ni kwamba inapendeza na hakuna aliyeonywa.

"Mimea ya kienyeji haifai mjini, tena inachelewa"

Kwamba inachelewa, kweli. Kwamba haifai, si kweli, na ningependa kuliondoa wazo hili kuliko mengine yote.

Ochuoga, ambao Waswahili wa Pwani huuita mtandamboo na wataalamu Carissa edulis, humea wenyewe vilimani na vichakani kote katika eneo hili. Watoto wa kijijini huujua kwa matunda yake madogo meusi yenye utamu wa uchachu. Wengi hawajawahi kusimama kando yake ukiwa umechanua. Maua ni meupe, yana wekundu mgongoni, hukaa kwa vishada kwenye ncha za matawi, na harufu yake haina tofauti kubwa na ya asumini ambayo watu huinunua. Majani ni mazito na ya kijani mwaka mzima. Miiba yake imenyooka, huweza kufika sentimita 5, na hakuna mwizi anayeipenda. Mmea mmoja unakupa harufu, ulinzi, matunda na chakula cha nyuki, na haukutoka bara jingine kuja kuvamia mashamba ya mtu.

Kasoro zake ni za kweli pia. Miaka miwili ya kwanza hukua polepole, na mbuzi hupenda majani yake machanga, kwa hiyo mche unahitaji seng'enge au matawi ya miiba kuuzunguka mpaka ujiweze. Miche yake si rahisi kuipata kwenye vitalu vya barabarani. Lakini mbegu zinapatikana bure: chukua matunda yaliyoiva kabisa, osha nyama yake, na uzisie mbegu zikiwa mbichi, bila kuziweka kabatini. Zipande kwenye mifuko miezi kadhaa kabla ya mvua ndefu, uzihamishe shambani zikiwa na kimo cha mkono. Kwa yule anayetaka ua unaofunga mwaka huuhuu, changanya: mhina mmoja katikati ya kila ochuoga miwili, kisha uung'oe mhina ochuoga ikishakutana.

Neno moja kuhusu murraya, kwa kuwa ndiyo mshindani wake mkuu vitaluni. Ni kichaka kizuri, hakina miiba, na harufu yake hujaza ua mzima. Lakini kuna mdudu mdogo mnyonyaji kutoka Asia, anayeeneza ugonjwa usio na tiba unaofanya machungwa yabaki kijani na machungu, na murraya ni miongoni mwa mimea anayoipenda zaidi. Mdudu huyo tayari amethibitishwa kuwepo Tanzania na Kenya. Kama una michungwa au milimau, au jirani yako anaitegemea, acha murraya.

"Popote utakapopanda, harufu itafika nyumbani"

Si kweli, na jambo hili karibu halizungumzwi kitaluni ilhali linaamua kila kitu. Ziwa lina pumzi mbili. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara. Kisumu huusikia alasiri ukitoka upande wa kusini-magharibi. Usiku nchi kavu hupoa kwanza, na upepo mwepesi hushuka kutoka vilimani kurudi ziwani. Wavuvi wa tanga wa Ghuba ya Winam wamepanga safari zao kwa mwendo huo tangu kale.

Sasa mmea unaonukia usiku, kama asumini au malkia wa usiku, ukiupanda upande wa ziwa, harufu yake yote itaenda kwa omena. Upande nyuma ya nyumba, upande wa bara, ili upepo wa usiku uipitishe harufu barazani kabla ya kuendelea. Mimea inayonukia mchana, kama murraya na waridi, ikae upande wa ziwa. Anayeishi Mbita au Homa Bay, ziwa likiwa kaskazini kwake, afuate kanuni hiyohiyo kwa kugeuza dira: cha usiku kikae upande wa vilima, cha mchana upande wa maji.

Malkia wa usiku asiwekwe chini ya dirisha la chumba cha kulala. Harufu yake ni nzito mno kwa karibu, na kuna watu ambao huumwa na kichwa. Hatua kumi au kumi na tano kutoka nyumbani inatosha, na kichaka kimoja au viwili tu, si ua mzima.

"Ua ukikatwa kila wiki hunukia zaidi"

Inategemea harufu inatoka wapi. Kivumbasi, rozmari na mrehani hubeba harufu kwenye majani, katika vifuko vidogo vya mafuta vinavyopasuka ukiyagusa au kuyakata. Hivyo basi, kweli: vikatwe mara kwa mara, tena vipandwe pale ambapo nguo za wapitao zitavigusa.

Ochuoga, murraya, mhina na asumini hunukia kwa maua, na maua huchipuka kwenye ncha za matawi. Mkasi wa kila wiki unaoutaka ua uwe na pembe za mraba huondoa vichipukizi hivyo kabla havijafunguka, na mwenye nyumba hulalamika kwamba aliuziwa mche usionukia. Ua wa maua ukatwe mara mbili kwa mwaka, maua yakishaanguka, na ubaki na matawi yaliyolegea kidogo. Kwa ochuoga kuna matunda ya kusubiri pia: ngoja watoto na ndege wamalize, kisha mwaka huu kata upande wa ndani, mwaka ujao upande wa barabarani, ili kila msimu ubaki na upande mmoja ambao haukuguswa na wenye maua.